Niandikie Afande

Rushwa yangu ya kwanza barabarani nilirudishiwa chenji.

Naanza na hilo mana likinitoka mapema ntaandika vizuri. Ilikuwa Jumamosi, natoka Tanga mjini naelekea Muheza kwenye gulio na madera yangu nyuma ya gari, kagari kangu ni Passo, nimechelewa, jua limeshapanda, afu njia ya Segera unaijua, pale kabla hujakaa sawa umeshaingia kijiji, kibao cha 50, unatoka kijiji, unakanyaga, kumbe bado hujatoka. Akatokea mtu kwenye kivuli cha mwembe kavaa nyeupe. Mahali penyewe sipataji. Nikasimama pembeni, nikashusha kioo, nikasalimia, akasalimia, akaomba leseni nikampa, akaisoma kama barua ya posa vile, ndo akaniambia dada umepiga sitini na nane.

Sasa hapo mimi nilitakiwa kusema neno moja tu, na sikulisema. Nikasema "nisamehe afande, nawahi gulioni." Akanyamaza. Yule askari alikuwa fundi wa kunyamaza jamani. Afu akauliza lile swali ambalo kila dereva wa nchi hii ameshalisikia: "Sasa dada, tunafanyaje?"

Nikatoa noti ya elfu 10 nikasema naomba nirudishiwe tano. Ndio, nilisema hivo. Wala hakushtuka, akamwita kijana anayeuza machungwa pale chini ya mwembe aje avunje hela, na yule kijana na yeye mfanyabiashara, akasema chenji ipo lakini mpaka ninunue. Nikaondoka na mfuko wa machungwa ya elfu moja ambayo sikuyataka, elfu nne mkononi, na leseni yangu. Nimefika Muheza, mji wa machungwa, nimebeba machungwa. Wenzangu gulioni walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mimi sikucheka sana. Kilichoniuma si ile elfu 5. Kilichoniuma ni kwamba sikuona hiyo 68 popote. Sikuoneshwa kitu. Ingekuwa 48 ningejuaje?

Jioni nikapita kwa mjomba wangu. Yeye kaendesha malori ya katani toka mashambani huko mpaka bandarini Tanga kwa miaka mingi, sasa hivi kastaafu, kazi yake kijiwe cha kahawa Ngamiani, kashata mkono huu, kikombe mkono huu. Mwanamke ukikaa kijiweni kwetu watu wanakutazama, basi nikasimama pembeni nimeshika ufunguo, nikaamkia shikamoo wote wanne, nikamsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho, hata kwenye machungwa hakucheka, akaniuliza, "Alikuandikia?"

Nikamwambia hapana mjomba, ndo nilikuwa nakwepa kuandikiwa.

"Basi mwanangu hukusimamishwa na askari wewe. Ulisimamishwa na njaa yake." Afu akasema kwamba miaka yote ile kwenye lori silaha yake ilikuwa neno moja: niandikie. Ukishamwambia niandikie, hana pa kwenda, ama ana kosa la kuandika ama hana.

Nilidhani ni maneno ya wazee. Nikaenda kusoma. Na kusoma kwenyewe usiniulize, mana kwanza nilianza na wasap, zile meseji za "sambaza kwa madereva wote", moja ndefu kweli imetaja haki 12 za dereva, nimesoma mpaka haki ya tisa naona wanataja NTSA. NTSA ni ya Kenya jamani! Sisi huku mamlaka ya usafiri wa ardhini ni LATRA, tena inahusika na magari ya biashara, daladala, Noah, malori, bajaji, si kapasso kangu. Mtu kaitoa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro kaileta hivo hivo bila hata kubadilisha. Fikiria unamtolea trafiki wa Tanga kifungu cha Kenya, atakupiga picha.

Sheria yetu ya usalama barabarani ni Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973, mimi sijazaliwa, na iliandikwa Kiingereza. Mpaka mwaka 2021 ndo Bunge likabadilisha sheria kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Kwa hiyo miaka karibu hamsini yule anayekusimamisha na wewe unayesimamishwa mmesimama mnabishana kwa Kiswahili juu ya kitu kilichoandikwa kwa lugha nyingine, na mara nyingi wote wawili hamjakisoma. Mimi hilo nadhani limechangia sana hii "tunafanyaje".

Kilichomo ndani ni hivi, kwa lugha ya gulioni. Askari mwenye sare akikusimamisha, simama. Hilo halina mjadala. Leseni tembea nayo, akiiomba mpe, na jina lako akiliuliza mwambie. Leseni siku hizi inakaa miaka 5 na unalipia elfu 70, kwa hiyo kisingizio cha kuisha bila kujua kimepungua. Akiona kosa, sheria inamruhusu akuandikie taarifa ya kosa, na hapo ndo mlango unagawanyika mara mbili. Unakubali kosa, unalipa faini, kwangu mimi ilikuwa elfu 30 kwa kosa moja, yameisha. Au hukubali, na hapo unasema sikubali, na anayetakiwa kukupeleka mbele ya hakimu na kuthibitisha ni yeye, si wewe. Katiba ya mwaka 1977 ibara ya 13 iko wazi kabisa, mtu hatachukuliwa ana hatia mpaka ithibitike. Hata ya spidi. Hata wewe mwenye haraka zako za gulio.

Hamna mlango wa tatu. Tunafanyaje haimo. Mlango wa tatu uko kwenye sheria nyingine, ile ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, na hiyo ukiisoma unatoka jasho mana inamshika anayepokea na anayetoa, wote wawili sawa. Mimi na chenji yangu. Na pengine hata yule muuza machungwa, maskini, sijui tungemwita nani, keshia?

Sasa usidhani nikawa jasiri baada ya hapo. Nilikaa miezi sijasimamishwa, nilikuwa hata nikiwaona mbali moyo unadunda, na madereva wenzangu wakiwasha taa kunionya nilikuwa napunguza mpaka naonekana nimeharibikiwa. Lakini nilijiandaa. Nilinunua mtungi wa kuzimia moto, nikaweka zile pembetatu za kuakisi kwenye buti, bima naikagua kwa simu mana siku hizi ukiweka namba ya gari inaonesha kama ipo hai. Na kitu kimoja nilichojifunza kwa maumivu, ukinunua gari la mkononi ingia kwenye tovuti ya polisi weka namba ya gari uone madeni. Mimi aliyeniuzia Passo aliniachia faini tatu. Elfu 90 nimelipa mimi, spidi kapiga yeye.

Siku ikafika. Njia ile ile, mwembe ule ule kama sikosei, askari mwingine, huyu kijana zaidi. Nikashusha kioo, salamu, leseni. Akasema spidi. Nikasema, na sauti ilitetemeka sitawadanganya, "Naomba nione, afande."

Akanitazama. Hakukasirika. Akaniletea tochi dirishani, kile kidude cha kupimia spidi, kina kioo kama cha simu ya zamani, na picha ilikuwepo. Kagari kangu kamekaa katikati kama kamepigwa picha ya harusi, namba inasomeka, na tarakimu pembeni: 61. Mimi mwenyewe unaniona kwa mbali nimeinama kidogo, nadhani nilikuwa nachezea redio. Kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Kwa hiyo ni mimi, nimepiga, hakuna cha kubisha.

Hii nataka uielewe vizuri mana watu wanafikiri kuomba kuona ni kuleta ubishi. Mimi nilivoona nilipoa. Ile hasira ya kuonewa iliondoka yote, ikabaki aibu, na aibu unaweza kuilipia elfu 30. Ndo maana siku ile ya 68 bado inaniuma mpaka leo na hii ya 61 haiumi.

Basi akanyamaza, na mimi nikanyamaza, mana sasa naujua huo mchezo. Kuku wa mtu akavuka barabara. "Sasa dada," akasema, "tunafanyaje?"

"Niandikie, afande."

Jamani, ile sekunde. Alinitazama kama nimekataa chakula kwake. Afu akaanza kuzunguka gari. Polepole. Akapiga teke tairi ya nyuma, si kwa nguvu, kama mtu anayenunua. Akaomba mtungi, nikamwonesha. Pembetatu, zipo. Bima, ipo. Akasema kanyaga breki. Nikakanyaga. Taa ya kushoto haiwaki.

"Ntakuandikia mawili basi."

Elfu 60. Nilihesabu kichwani, madera mangapi hayo, nikaona tumbo linasokota. Na yeye anajua nahesabu. Akasubiri. Hapa ndo ntasema ukweli ambao wale wa meseji za sambaza hawausemi: kwa wakati ule, pale chini ya jua, haki ina bei kubwa kuliko rushwa. Elfu 5 na machungwa upande huu, elfu 60 upande huu. Anayekwambia dai haki zako ni rahisi tu, huyo hajasimama pale na mzigo wa watu nyuma. Daladala akitoa elfu mbili kila safari namwelewa kabisa, simsifu, namwelewa. Bosi anataka hesabu jioni, na karatasi ya faini haiingii kwenye hesabu ya bosi, inaingia kwenye mfuko wa dereva.

Nikasema, "Andika, afande. Lakini mawili hayo hayo."

Akaandika kwenye kile kimashine, kikatoa karatasi ndefu kama risiti ya duka. Niliisoma yote nikiwa pale pale, sikuwasha gari. Jina langu, namba ya leseni, namba ya gari, kosa la kwanza, kosa la pili, mahali, saa, namba ya askari, na chini kontroo namba ya kulipia. Taslimu hakupokea na hatakiwi kupokea, hela inaenda kwa simu au benki moja kwa moja serikalini, na tarehe ya mwisho imo, ukizembea inaongezeka. Soma karatasi yako ndugu yangu. Mwenzangu mmoja wa gulioni aliandikiwa kosa la pikipiki na yeye anaendesha Noah, kaligundua nyumbani baada ya siku tatu.

Na kama ningekuwa sikubali? Basi ningemwambia pale pale sikubali, naomba shauri liende mahakamani, kwa sauti ya kawaida. Usikae kimya ukaenda nyumbani ukidhani kutolipa ndo kukataa, kutolipa ni deni tu linalolala na gari lako, siku unasimamishwa Korogwe linaamka. Na sauti ya kawaida nasisitiza. Mjomba anasema askari ni mtu kasimama juani toka alfajiri, ukimfokea umempa kazi ya kukutafutia kosa jingine. Afande ni afande, hata kama ni mdogo wako wa mwisho.

Kituoni ni habari nyingine na ningependa kuipitia haraka lakini haipitiki. Mtoto wa dada yangu anaendesha bodaboda, usiku mmoja alishikwa, pikipiki ikabaki kituo fulani na yeye ndani. Alichofanya cha maana ni kimoja, aliomba kupiga simu, na akapewa. Hiyo si huruma. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, Sura ya 20, inasema ukiwekwa chini ya ulinzi uambiwe kwa nini, kwa lugha unayoielewa, uambiwe anayekuhoji ni nani na cheo chake, na uruhusiwe kuwasiliana na ndugu au wakili. Muda wa kawaida wa kuhojiwa ni saa 4, ukiongezwa uongezwe kwa utaratibu. Na ukishikwa bila hati ya mahakama, ndani ya saa 24 ama umeachiwa kwa dhamana ama umefikishwa mahakamani kadiri inavyowezekana. Kosa la kutovaa helmeti si la kulala ndani siku tatu. Wakikupekua na kuchukua kitu, uandikiwe hati ya kitu kilichochukuliwa. Na kwa wanawake wenzangu, mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzie, kwa staha. Hilo ulikariri hata kama mengine yote utasahau.

Nikaenda na dada, saa tano usiku, dada kajifunga kanga mbili analia. Ukutani kaunta pamebandikwa tangazo, dhamana ni bure, herufi kubwa. Chini ya tangazo hilo hilo, askari aliyekaa kwenye kiti akatuambia kuna hela ya karatasi.

Dada akafungua pindo la kanga, anatoa hela. Nikamshika mkono. Nikauliza, kwa adabu zote nilizofundishwa Tanga hii, "Afande, hiyo ya karatasi tutapewa na risiti yake?"

Akasema ngoja. Tukangoja. Tulingoja saa moja na nusu, mbu wanatutafuna, hakuna aliyetwambia kitu, afu mtoto akaletwa akasaini, dada akasaini, tukaondoka naye bila kutoa hata mia. Njiani dada alinikasirikia, anasema kwa elfu 10 tungekuwa tumelala saa nyingi. Hakukosea kwenye hesabu. Mtoto mwenyewe nyuma ya gari alikuwa anasinzia, mkanda nimemfunga mimi.

Ukikutana na yale mazito, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapokea simu bure 113. Mimi sijawahi kupiga, sitawauzia kitu nisichokitumia. Lakini niligundua kuuliza risiti kunafanya kazi karibu sawa na kupiga.

Narudi siku ya 61, sijaimaliza. Baada ya kusoma karatasi nikaikunja nikaiweka kwenye leseni, nikawasha gari, na yule kijana wa machungwa akaja dirishani. Yule yule. Alinikumbuka, nadhani si wengi wanaomba chenji. Akamwangalia askari, akaangalia mkono wangu hauna noti, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada leo huvunji hela?"

Nikamwambia sivunji, nimeandikiwa. Akaguna. Nikamuuliza machungwa bei gani, akasema mfuko elfu moja na mia tano, nikamwambia mbona siku ile ulinipa kwa elfu moja. Akacheka, akasema, "Siku ile ilikuwa haraka, dada."

Balbu ya breki nilinunua hapo hapo Muheza, elfu 3, fundi kabadilisha dakika tano.